Siamese wa maonyesho, Thai wa umbo la zamani au Burmese: yupi anakufaa nyumbani?

Anayetafuta paka wa Siamu, yaani Thailand ya leo, siku hizi hukutana na wanyama wawili wanaotumia jina moja. Mmoja ana kichwa cha pembetatu kilichochongoka, masikio mapana yaliyokaa pembeni, shingo ndefu na kiwiliwili chembamba kuanzia begani hadi mkiani. Mwingine ana mashavu, paji la mviringo na kifua cha paka wa kawaida. Usipoyaona macho yake ya buluu utadhani ni paka wa jirani aliyeingiza uso kwenye masizi. Wa kwanza ndiye Siamese wa maonyesho. Wa pili huitwa Thai, au Siamese wa umbo la zamani. Wote ni wazao wa paka waliotolewa Bangkok karne ya 19. Halafu yupo ndugu yao wa tatu, Burmese, wa rangi ya kahawia na macho ya dhahabu, ambaye mtu humwona akiwa bado anawapima hao wawili, na mipango yote ikavurugika.

Niseme mapema ninapoelekea. Rangi na umbo ndivyo vinavyomvuta mtu atoe pesa, lakini mambo mawili ndiyo yatakayoamua kama mtaelewana: nyumba yako hukaa tupu saa ngapi kwa siku, na masikio yako yanavumilia kelele kiasi gani.

Ukoo wao

Katika ufalme wa Ayutthaya, uliotawala Siamu kuanzia 1351 hadi 1767, kulikuwa na utamaduni wa kuandika mashairi ya paka yenye michoro, yanayojulikana kama Tamra Maew. Nakala zilizosalia zilichorwa upya karne ya 19, na zinataja paka 17 wa heri na 6 wa nuksi. Miongoni mwa wenye heri yumo Wichienmaat, paka mweupe mwenye weusi sehemu nane: mdomo, mkia, masikio mawili na miguu minne. Huyo ndiye Siamese. Yumo pia paka wa rangi ya shaba, Suphalak, ambaye wafugaji humhesabu kuwa jamaa wa Burmese. Kwa hiyo unapowalinganisha hawa watatu, unalinganisha watu wa ukoo mmoja waliotengana njiani.

Neno "paka wa kifalme" linalojaa kwenye matangazo lipunguzie chumvi. Ni kweli kwamba katika mila za Kithai paka hubebwa kwenye sherehe ya mfalme mpya kuingia rasmi katika makazi yake, kama ilivyofanyika mwaka 2019. Lakini simulizi kwamba watu wa kawaida walikatazwa kabisa kumfuga ilinogeshwa sana na waliokuwa wakiuza paka hao Ulaya. Hata hadithi za mikia yao iliyopinda zina ladha hiyo hiyo: eti binti mfalme alikuwa akivua pete zake na kuzitundika kwenye mkia wa paka wakati wa kuoga, ndipo mkia ukapinda ili pete zisidondoke.

Uingereza ilimwona paka huyu hadharani kwenye maonyesho makubwa ya paka ya Crystal Palace, London, mwaka 1871, na si wote waliompenda. Kuna mwandishi aliyemwita paka asiye wa kawaida, wa kuotwa katika jinamizi. Mwaka 1878 balozi mdogo wa Marekani mjini Bangkok, David Sickels, alimwandikia Lucy Hayes, mke wa Rais Rutherford B. Hayes, kwamba anamtumia paka jike. Alifika Ikulu mwaka uliofuata, akapewa jina Siam, akawa kipenzi cha nyumba, na kabla mwaka huo haujaisha akaugua na kufa. Mwaka 1884 Edward Blencowe Gould wa ubalozi wa Uingereza mjini Bangkok alimpelekea dada yake, Lilian, dume na jike walioitwa Pho na Mia. Watoto wao watatu walionyeshwa Crystal Palace mwaka 1885, nao hawakudumu. Lilian alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha paka wa Siamese Uingereza mwaka 1901.

Paka wa enzi hizo wengi walikuwa na makengeza na mikia yenye vifundo. Ndipo mkono wa binadamu ukaingia. Wafugaji walizichuja kasoro hizo, na kuanzia miaka ya 1950 waamuzi wa maonyesho wakaanza kumpa ushindi paka mwembamba, kisha mwembamba zaidi. Kufikia miaka ya 1980 paka wa mashavu alikuwa ametoweka kwenye meza za mashindano. Hakufa, alibaki majumbani kwa watu ambao hawakutaka kikombe. Mwaka 1990 WCF, shirikisho la vyama vya paka lenye makao Ulaya, lilimtambua kwa jina la Thai, na TICA, chama cha paka cha Marekani, kikampa hadhi kamili ya mashindano mwaka 2010.

Burmese ana mama mmoja anayejulikana kwa jina. Mwaka 1930 Joseph Thompson, daktari aliyewahi kutumikia jeshi la majini la Marekani, alipata paka mdogo wa kahawia aliyeitwa Wong Mau, akamweka San Francisco. Wengi walisema ni Siamese aliyekolea rangi tu. Thompson hakuridhika. Alimpandisha na dume wa Siamese aliyeitwa Tai Mau, kisha akawazalisha watoto wao, na wakatokea paka wa aina tatu: wa rangi ya Siamese, wa rangi ya mama, na wengine wa kahawia iliyokolea sawasawa mwili mzima. Hao wa mwisho ndio Burmese. Mama mwenyewe alikuwa chotara, nusu Siamese nusu Burmese, mchanganyiko ambao leo unauzwa kwa jina la Tonkinese. Chama cha Marekani cha CFA kiliwatambua Burmese mwaka 1936, kikawafuta mwaka 1947 kwa sababu wafugaji waliendelea kuwachanganya na Siamese, kisha kikawarudisha miaka ya 1950.

Rangi inayofuata joto

Hapa ndipo paka hawa wananipendeza kuliko wengine wote, mtanivumilia nikikaa kidogo.

Siamese na Thai wana hitilafu kwenye jeni inayotengeneza kimeng'enya cha rangi nyeusi. Kimeng'enya hicho hushindwa kazi penye joto, hufanya kazi penye ubaridi. Ndiyo maana mtoto wa paka huyu huzaliwa mweupe kabisa, maana tumboni mwa mama kote ni joto. Siku zinavyosogea, kingo za masikio huanza kuchafuka, kisha pua, mkia na nyayo: zile sehemu za mwili zinazopoa kwanza. Kadiri umri unavyoongezeka na mgongo nao hukolea.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, mtazame Siamese aliyefungwa kizazi kwa kupasuliwa ubavuni. Daktari hunyoa kipande cha manyoya, ngozi inabaki wazi na kupata ubaridi, na manyoya mapya yanaota meusi. Paka anarudi nyumbani mzima, lakini baada ya wiki kadhaa ana kiraka cha kahawia ubavuni, chenye kona nne zilizonyooka. Hupotea manyoya yanapobadilika. Mwenye paka ambaye hakuambiwa mapema humrudia daktari akidhani ni ugonjwa.

Kwa hesabu hiyo hiyo, paka anayeishi Mombasa au Dar es Salaam atakuwa na mgongo mweupe zaidi kuliko ndugu yake wa tumbo moja aliyelelewa Limuru au Njombe. Ukinunua mtoto mweupepe pwani ukahamia nyanda za juu, usishangae akikolea.

Burmese ana toleo jingine la jeni ile ile, lisilo kali sana. Rangi yake huenea mwilini karibu sawasawa, ingawa masikio na mkia hukolea kidogo, na macho yake ni ya manjano hadi dhahabu. Macho ya Siamese ni ya buluu kwa sababu hayana rangi ya kutosha ndani. Ukimpiga picha usiku kwa mwanga wa kamera hung'aa mekundu, wakati ya paka wengi hung'aa kijani au njano. Jeni hiyo hiyo huvuruga njia za mishipa inayotoka machoni kwenda ubongoni, na ndiyo asili ya yale makengeza ya zamani. Makengeza peke yake hayamsumbui paka. Huruka na kutua kama kawaida.

Kuna kosa la sokoni linaloanzia hapa. Macho ya buluu na uso mweusi havimfanyi paka kuwa Siamese. Jeni hiyo imepandikizwa pia kwa Birman, Ragdoll na Persian wa aina ya Himalayan, na hujitokeza kwa paka chotara wa mitaani. Paka mwenye manyoya marefu ya kuteremka hawezi kuwa Siamese, hata muuzaji akiapa. Siamese wa manyoya marefu wapo, lakini wana jina lao, Balinese.

Kuishi nao

Tuanze na sauti, kwa kuwa ndiyo huvunja ndoa nyingi. Siamese halii kama paka. Sauti yake ni nzito, ya kukwaruza, na usiku jirani anaweza kudhani una mtoto mchanga. Hulia akitaka chakula, akiwa ameshakula, akitaka mlango ufunguliwe na ukishafunguliwa. Ukimjibu, naye anajibu, na hapo umeshajifunga: atataka mazungumzo kila ukiingia. Ukiingia msalani ukafunga mlango, utaona kwanza mkono mweusi ukipita chini ya mlango, vidole vimetanuliwa, unapapasa huku na huku, kisha kimya, kisha kitasa kinashuka, kwa sababu amejifunza kuruka na kukining'inia. Paka wengi hukufuata kwa ajili ya chakula. Huyu anakufuata ili ajue unafanya nini.

Jike asiyefungwa kizazi ni jambo jingine kabisa. Siamese hupevuka mapema, wengine wakiwa na miezi mitano tu, na anapotaka dume hupiga kelele mchana na usiku kwa siku kadhaa. Kwa anayeishi kwenye ghorofa, hili lipangwe na daktari wa mifugo kabla halijafika.

Thai je? Wafugaji wake hupenda kusema ni mtulivu zaidi. Nadhani wanazidisha kidogo. Ni paka yule yule ndani ya mwili ulionenepa mashavu: msemaji, mdadisi, mwenye wivu akiona umempakata mwingine. Tofauti ninayoikubali ni ya kipimo tu; Thai wengi hukaa tuli muda mrefu zaidi, na kelele zake zina vituo. Asiyetaka kelele asimchukue Thai akidhani ameikwepa tabia ya Siamese.

Burmese ndiye tofauti ya kweli. Mshike mara ya kwanza utashtuka: paka wa ukubwa wa wastani, lakini mikono inashuka kwa uzito. Wafugaji wa Kiingereza humwita tofali lililofungwa hariri, na wamempatia. Ni mwili wa misuli, manyoya mafupi yanayoteleza. Yeye huongea pia, kwa sauti ya chini iliyopwaya kama ya mtu aliyepigwa na mafua, na hasisitizi. Siamese hukuamuru, Burmese hukulalia. Hupanda begani, hujibanza kwapani, na mgeni akiketi atakaliwa. Uaminifu huo una hatari yake: Burmese haogopi watu wala magari, kwa hiyo paka wa kuzurura mtaani si yeye. Hao wengine wawili ningewafungia ndani pia, lakini kwa Burmese sina mjadala.

Wote watatu huchukia upweke. Siamese aliyeachwa peke yake tangu asubuhi hadi usiku, siku tano kwa wiki, hutafuta la kufanya, na mara nyingi ni kunyonya na kutafuna sufu: sweta, blanketi, soksi. Wengine humeza vipande vikawaziba matumbo. Burmese nao wana tabia hiyo. Wengine hujiramba hadi manyoya ya tumbo yakaisha. Huu si utundu wa kuadhibiwa. Ni mnyama aliyekosa mwenzake. Kwa mtu anayetoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku, ushauri wangu ni paka wawili au asiwe na hata mmoja wa aina hizi.

Kuyatunza manyoya si kazi. Ni mafupi, yamelala, na kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki kinatosha. Ila hayana tabaka nene la chini, kwa hiyo paka hawa husikia baridi. Pwani hawana shida. Nairobi mwezi wa Julai, tegemea kumkuta ndani ya shuka lako.

Afya, na hapa pasomwe polepole

Utafiti wa Royal Veterinary College ya Uingereza uliochapishwa mwaka 2024, uliopitia rekodi za paka 7,936 waliokufa, ulikadiria umri wa kuishi wa paka wote kuwa miaka 11.7 kwa wastani. Burmese waliongoza orodha kwa miaka 14.4. Siamese walipata 11.7, yaani sawa na wastani. Wengi hupigia debe Siamese kwamba anaishi sana, na wapo kweli wanaofika 18 au 20, lakini ukitaka kuweka dau, mweke Burmese.

Burmese naye ana mizigo yake. Uingereza, Australia na New Zealand paka hawa hupata kisukari zaidi ya paka wengine, na unene huwamaliza haraka, kwa hiyo bakuli lisikae limejaa kutwa. Kuna ugonjwa wa kurithi wa kupungukiwa potasiamu, ambapo mtoto wa paka hulegea shingo na kushindwa kuinua kichwa. Kipimo cha vinasaba kipo. Kwa Burmese wa Marekani wa uso mfupi sana, kuna jeni ambayo mtoto akiipokea kwa wazazi wote wawili huzaliwa na kichwa kilichoharibika na hawezi kuishi. Uso huo uliobanwa mimi siupendi, na sababu yenyewe ndiyo hiyo.

Kwa Siamese na Thai, ulizia kwanza ugonjwa wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambao humpofusha paka taratibu kuanzia ujanani. Nao una kipimo cha vinasaba: mzazi mmoja akiwa msafi, mtoto hawezi kuupata. Pumu huonekana kwao mara nyingi kuliko kwa wengine; paka anayekohoa huku ameinama na kunyoosha shingo si lazima awe anatapika nywele. Kuna pia amiloidosisi ya ini, yaani protini zisizo za kawaida kurundikana kwenye ini, na baadhi ya saratani. Ama umbo la kupita kiasi la Siamese wa maonyesho, lilipatikana kwa kuzalisha ndugu kwa ndugu vizazi kadhaa, na hilo lina gharama. Thai ana nafuu kwa kuwa wafugaji wake wamekuwa wakiagiza paka wa asili kutoka Thailand ili kuongeza damu mpya.

Basi nani amchukue nani

Nyumba yenye watoto wadogo, wageni na kelele zake za kila siku, ningeipa Burmese bila kusita. Anavumilia kubebwa, hana kinyongo, na hata akiwa mzee hucheza.

Mtu anayefanya kazi nyumbani, anayependa kufuatwa chumba hadi chumba na hajali kukatizwa kwenye simu, huyo ndiye wa Siamese. Kati ya wa maonyesho na Thai, ningemchukua Thai, isipokuwa kama unataka kweli kushiriki mashindano au umependa ule mwili mrefu kiasi kwamba hakuna kingine kitakachokuridhisha. Kuna watu wa namna hiyo na hawajutii. Siamese mwembamba akitembea juu ya kabati ni mnyama mwenye madaha ambayo Thai hana.

Aliyeshindwa kuchagua kati ya Siamese na Burmese anaye Tonkinese, macho ya rangi ya maji ya bahari, tabia katikati. Kumbuka tu kwamba Tonkinese wawili wa rangi hiyo ya kati wakizaa, wastani wa nusu tu ya watoto ndio huwa na rangi yao. Waliobaki hurudi upande wa Siamese au wa Burmese.

Na msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka paka mwembamba, mchangamfu na msemaji asisahau tuna wetu. Sokoke, wa mabaka kama gome la mti, alichukuliwa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, eneo la Watamu, Kenya, mwaka 1978 na Jeni Slater, akapelekwa Denmark, na FIFe, shirikisho la kimataifa la paka, likamtambua mwaka 1993. Tatizo ni kwamba ni adimu mno, huenda ukampata Siamese kwanza.

Unapokwenda kununua, omba kumwona mama akiwa na watoto wake, na msikilize: mama mwoga huzaa waoga. Omba karatasi za ukoo, kadi ya chanjo, majibu ya kipimo cha retina kwa Siamese na Thai, na cha potasiamu kwa Burmese. Asiyekuruhusu kufika anapofugia, anayetaka kukukabidhi paka kituo cha basi, mwache. Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 12. Chama kikuu cha Uingereza, GCCF, husema 13. Muuzaji anayekupa wa wiki sita akisema "atakuzoea haraka" anakupa, kwa paka wa jamii hii hasa, mnyonyaji wa blanketi.